Miche ya Serikali

Hata leo, harufu ya majani ya viazi yaliyolowa ukungu ikinifikia puani, mate hunijaa kwanza, kisha aibu. Ndiyo harufu ya kipande chetu cha msituni, juu ya Kibugu, pale mashamba ya majani chai yanapokoma na miti kuanza. Nilikuwa na miaka kumi. Palipokatwa miti serikali ilipanda miche mipya, na sisi wanakijiji tukaruhusiwa kulima viazi katikati ya mistari, mradi tuitunze hiyo miche. Miti ikirefuka na kuleta kivuli, unakusanya jembe lako unatoka. Mama alitia kidole gumba kwenye karatasi ya makubaliano asiyoweza kuisoma, na tangu siku hiyo hakuwa na amani. "Tunawapalilia, halafu watatufukuza," alisema. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na shamba la nyumbani lilikuwa dogo mno. Bila kile kipande tungekula nini?

Hakuna aliyewaamini watu wa msitu, wale wa serikali. Wengine walisema kuna wazungu wameshanunua kivuli chenyewe. Wengine, kwamba siku moja tutaamka tukute mpaka umehamia jikoni kwetu. Askari wa msitu naye hakusaidia. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyekagua miche kwanza ndipo akumbuke kusalimia watu. Basi watu wakawa na dawa yao. Unaushika mche, unauvuta taratibu mpaka usikie mizizi ikikatika chini, kisha unaukanyagia udongo kama hakuna kilichotokea. Baada ya wiki chache umekauka, askari analaumu jua, unapandwa mwingine, nawe umejipatia msimu zaidi wa viazi. Mstari wa kando ya njia tu ndio haukuguswa, kwa kuwa huo ndio askari aliouona vizuri. Ule tuliutunza kama mtoto mchanga. Kazi ya kuvuta ilikuwa yangu, kila Jumamosi, maana mtoto akiinama shambani nani atamshuku?

Jirani yetu kule alikuwa Mama Njeru, mjane mcheshi, na kati yetu palikuwa na mfereji mwembamba tu. Yeye alikataa mchezo huo. "Huu mti umenikosea nini?" aliuliza akicheka. Mama hakucheka. Aliniambia mtu wa namna hiyo lazima ameahidiwa kitu.

Jumamosi moja ukungu ulishuka mzito, na mfereji sikuuona. Nilishavuta mistari miwili mizima nilipogundua kwamba viazi nilivyokuwa nakanyaga vilikuwa na maua, na vyetu havikuwa na maua bado. Nilishindilia udongo, nikarudi upande wetu, nikanyamaza.

Miche ilipokauka, askari alikuja, akashika mmoja, nao ukamfuata mkononi bila mizizi. Hakuuliza mengi. Alimwambia Mama Njeru atoke siku hiyo hiyo. "Afande, si mimi! Haki ya Mungu, si mimi!" Kisha akamgeukia mama. "Mama Marigu, si unanijua? Mwambie basi!" Mama alikaza macho kwenye jembe lake. "Mimi nilikuwa kwangu," alisema. Na yule askari, akiutazama mstari wetu mzuri wa kando ya njia, akatupa sisi kile kipande pamoja na viazi vyake. Jioni hiyo nililia nikamwambia mama kila kitu. Alinisogezea sahani. "Ulikuwa ukungu," alisema. "Kula." Tulipovichimba vile viazi alimpelekea Mama Njeru karai moja, naye akatuombea baraka mlangoni. Sijawahi kuchukia baraka kama ile.

Sasa naishi Majimbo, mjini Embu, na ninafundisha. Msitu umezungushiwa ua wa umeme, na miche iliyonusurika mikononi mwangu imekuwa minene kiasi kwamba siwezi kuikumbatia. Juzi nilipokwenda kumwona mama nilikuta mkutano uwanjani. Maofisa wageni wa msitu, vijana wenye adabu, walikuwa wakiomba watu wajiandikishe kupanda na kulinda miti. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mama Njeru, mzee sasa, aliinuka na fimbo yake. "Niliitunza miche yenu kama wanangu," aliwaambia, "na askari wenu akaing'oa kwa mikono yake mwenyewe ili anifukuze. Leo mnataka tena?" Watu waliguna wakikubali. Hadithi hiyo wanaijua wote, hata watoto waliozaliwa baadaye. Ndiyo wanayoitoa kila mara wakiulizwa kwa nini hawawaamini watu wa msitu. Zamani tulishuku kwa sababu hatukujua kilichoandikwa kwenye karatasi. Siku hizi karatasi tunazisoma, lakini bado tunashuku, na sehemu ya shaka hiyo niliipanda mimi.

"Muulizeni Mwalimu," Mama Njeru akasema, akinielekezea fimbo. "Alikuwa mdogo, lakini alikuwepo. Si ulikuwepo, mwanangu? Waambie."

Mama, aliyeketi kando yangu, aliniwekea mkono gotini. Nilisimama. Macho yote yalikuwa kwangu, na ya Mama Njeru yalikuwa yamejaa imani.

"Nilikuwepo," nilisema, nikaketi.

Watu wakapiga makofi, na maofisa wakaanza kukusanya karatasi zao.