Zaina wa Majengo, na upande wa ubongo uliokuwa kimya

Tangu asubuhi naandika nafuta. Zaina ameenda. Tulimzika jana.

Kwa wasiomjua: Zai alikuwa mtoto wa Majengo, Pumwani, na workmate wangu. Kwa lab yetu unavalishwa kofia yenye waya, unaonyeshwa picha za nyuso, nyumba, viatu, halafu kompyuta inasoma mawimbi ya ubongo na kukisia umeona nini.

Kazi yake ilikuwa kuibana kompyuta ijieleze. "Kupata jibu si hoja," alituambia. "Iseme imelitoa wapi." Basi ramani ya kichwa ilikuwa inatokea kwenye skrini, na sehemu ambayo kompyuta imesomea jibu inawaka nyekundu.

Alikuwa na kelele huyo, jo! Akiingia na mahamri ya mamake, hata meeting ilisimama.

Halafu akaanza kugonga vitu. Mlango. Kiti. Kila mara bega la kushoto. Tulicheka, na yeye akacheka.

Siku moja volunteer wa kupimwa hakutokea, Zai akavaa kofia mwenyewe. Picha zilizotokea upande wa kulia wa skrini, kompyuta ilizipata karibu zote. Za kushoto ikawa inabahatisha tu. Tukadhani waya zimelegea. Tukazikaza, tukarudia. Yaleyale.

"Hebu tuiulize," akasema.

Ramani ikafunguka. Kisogoni, pale ubongo unaposhughulikia kuona, upande mmoja uliwaka. Ule mwingine ulikuwa kijivu, kama chumba kilichozimwa taa.

 Zai akafunika jicho moja, kisha la pili.

"Mutheu, umeenda wapi?"

"Niko hapa, Zai. Kushoto kwako."

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. Hakuwa ananiona. 

"Hii mashine si daktari," akasema polepole, akivua kofia. "Nipeleke hospitali."

Madaktari walipata uvimbe kwenye ubongo, na ulikuwa mkubwa. Siku ya upasuaji alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. "Naogopa. Na usiniambie nisiogope."

Sikumwambia. Nilikuwa naogopa kumshinda.

Hakuamka.

Jana, watu walipoanza kutawanyika, mamake alinivuta kando. "Mwanangu, hiyo mashine yenu ingemwonyesha mapema, angepona?"

"Sijui, mama."

Akaniachia mkono. Swali lake limenifuata hadi nyumbani kwangu mtaani Mbotela. Nikilala liko, nikichemsha chai liko. Kesho narudi kazini na sijui nitafunguaje ule mlango wa lab. Data yake ya siku ile bado iko kwenye kompyuta, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuigusa.

Zai, wewe ndiye uliyekuwa ukiuliza pale sisi tulipoogopa kuuliza. Sasa nani ataanza kuuliza?

Mola akuangazie huko uliko. Lala pema, dadangu.