Aliyeninawisha Kwanza

Siku ile tulikuwepo mimi, wadogo zangu Tulia na Baraka, baba mdogo, na Marit, mgeni kutoka Norwei aliyekuwa akija kwetu Igowole kila Alhamisi tusome Biblia pamoja. Wazazi tulikuwa tumeshawazika. Baba mdogo alikuja kutugawa kwa ndugu.

Mvua ilinong'ona juu ya bati, na moshi wa kuni ulichanganyika na harufu ya viazi. Tulisoma jinsi Yesu alivyowaosha wanafunzi miguu. Niliponyanyua jagi niwanawishe wakubwa, Marit alilichukua, akaninawisha mimi kwanza. Maji ya uvuguvugu yalitiririka polepole hadi viwikoni. Kwetu mdogo ndiye humnawisha mkubwa, kwa hiyo nikaamini nimefanywa mkubwa wa nyumba.

"Baba mdogo, hatugawanyiki."

"Nani kasema?"

"Mimi. Si umeona nimenawishwa?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Haya, mama mwenye nyumba, nipe kiazi."

Niliacha shule niwalee wadogo zangu, tukabaki pamoja. Sasa najua Marit alikuwa akifuata somo tu. Juzi, hapa Uyole ninakoishi siku hizi, kijana Mkorea anayesoma Biblia nasi alitaka kuninawisha. Nilimkatalia, nikamnawisha yeye. Kila wiki nawanawisha wageni, lakini mikono ya Marit bado sijainawisha.