Tulipopanda Kwenye Vumbi

Kwa miaka mingi hapa Doha nilikana kwamba mimi ni mtoto wa shamba. Aliyeniuliza kwetu ni wapi nilimjibu "Nairobi," tena upesi, kama mtu anayewahi kufunga mlango wa jikoni kabla kuku hawajaingia. Nilikuwa na shahada, nilikuwa na meza karibu na dirisha katika mojawapo ya yale majengo marefu ya West Bay, na nilijua kula wali kwa uma. Jembe, nilidai, niliwahi kuliona kwenye vitabu vya shule.

Iliyonifichua ni mvua. Adhuhuri moja ya majira ya baridi mawingu yalikusanyika juu ya mji huu usiojua mwavuli, matone yakaanza kuanguka. Wenzangu ofisini walikimbilia madirishani na simu zao kupiga picha. Mimi nilijikuta ndani ya lifti, kisha nje kwenye uwanja wa kuegesha magari, uso umeelekea juu, nikivuta harufu ya vumbi linalolowa. Halafu kikanitoka. Kigelegele. Kirefu, cha arusini, cha mwanamke aliyezaliwa Makueni. Mlinzi wa getini, Mganda mmoja mcheshi anayeitwa Okello, alikuja mbio.

"Mama, kuna nini? Umepata mjukuu?"

"Kumenyesha," nikasema.

Akanitazama vizuri, kisha akaangua kicheko. "Kumbe wewe ni wa kijijini kama sisi! Miaka yote hii unatupita hapa na viatu vya kugonga!"

Siku hiyo niliacha kukana. Basi ngoja nisimulie yote.

Kule kwetu Makueni, na wa rika langu mtanishuhudia, mwaka haukuanza Januari. Ulianza Oktoba, wakati jua limekausha kila kitu isipokuwa ulimi wa Mama. Mvua ya kuaminika Ukambani ni ya vuli. Ile ya Machi ni mgeni anayeahidi kuja kula na haji. Na kwa kuwa vuli yenyewe ni fupi, wazazi wetu hawakuingoja. Walipanda kabla. Walipanda ardhi ikiwa kavu kama unga, mbingu haina hata wingu la kudanganyia watoto. Mpita njia angedhani kijiji kizima kimerukwa na akili. Baba alikuwa nyuma ya plau akigombana na ng'ombe wake, Mama nyuma ya Baba akidondosha mahindi, mimi na kaka yangu Mutua nyuma ya Mama tukidondosha kunde na kufukia kwa nyayo, na vumbi likitufuata sote. Jioni tulirudi nyumbani weupe mpaka kope, tukapiga chafya hadi mbwa akatukimbia.

"Anayengoja mvua ndipo apande," Mama alipenda kusema, "mvua humkuta akitafuta mpini."

Lakini hakuna aliyepanda kabla ya Jumapili ya mbegu. Siku hiyo kila nyumba ilikuja kanisani na bakuli la mbegu, ikazimimina katika kiondo kimoja kikubwa mbele ya madhabahu. Mahindi ya huyu, mbaazi za yule, pojo, kunde, vyote vikachanganyika. Mchungaji aliomba, akaomba tena iwapo mara ya kwanza haikusikika, kisha akakoroga kwa mikono yake yote miwili kama apikaye ugali wa harusi. Tukapita mstari, kila nyumba ikachota bakuli lake na kwenda nalo. Kuchagua kulikatazwa. Kwa hiyo hapakuwa na shamba lililokuwa la mtu mmoja kabisa. Katika kila shamba mliota kitu cha jirani.

Hilo lilimsumbua sana Mama mwaka aliokosana na Mama Kioko, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, kwa sababu ya punda wake aliyelala kwenye mihogo yetu. Walikuwa hawasalimiani. Walipokutana kwenye kiondo kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi, kwa adabu ile inayouma kuliko tusi. Mwishowe Mama Kioko akachota, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye viti vya wanaume, "Hata ukininunia, mahindi yangu utayala."

"Nitayala," Mama akamjibu, "na nitasema hayana chumvi."

Kanisa lilicheka mpaka mchungaji akakaa. Kufikia mavuno walikuwa wamerudi katika kundi moja la mwethya, wale wanawake waliochimba matuta ya kuzuia maji shamba kwa shamba, leo kwako kesho kwangu, wakiimba nyimbo za kumsifu Mungu na kuwasema waume zao, wakati mwingine katika ubeti mmoja.

Baada ya kupanda, tulingoja. Mbegu zilikuwa ardhini na adui walijua. Kwale walikuja asubuhi, kanga wakaja kwa makundi kama wanaokwenda mkutanoni, kuchakuro wakafukua mistari kwa utaratibu kana kwamba ndio walioipanda. Sisi watoto tuliwekwa walinzi, na debe bovu la kupiga. Nililipiga kwa bidii mpaka leo sikio langu la kushoto halipendi muziki wa vijana. Kisha alasiri moja upepo ulibadilika, kuku wakaanza kurudi bandani bila kuitwa, na mvua ikashuka kama mtu aliyemwaga gunia la kokoto juu ya mabati. Shule ilikosa wanafunzi siku iliyofuata. Tulikuwa nje tukiokota kumbikumbi, tukiwakaanga bila mafuta kwenye kigae, tukiwala na mbawa zingine zikiwa bado zimeng'ang'ania. Mbele yetu kulikuwa na kunde changa, mbaazi mbichi, na sufuria za muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa kwa kinu na kupikwa na maharagwe mpaka kijiji kizima kinanukia.

Nisidanganye, miaka mingine mvua haikuja. Tulipanda upya, na mara nyingine tukapanda upya tena, na mbegu zilipoisha tulikwenda kwa Mama Kioko na bakuli. Hakuna aliyeuliza Mungu yuko wapi. Waliuliza bakuli liko wapi.

Watoto wa siku hizi Mungu awabariki. Katika ushirika wetu hapa Doha, ambako Ijumaa ndiyo Jumapili yetu, kuna vijana waliopanda sukuma wiki kwenye ndoo kibarazani. Jani moja likitokea hupigwa picha nyingi kuliko bibi harusi. Nao waliipanda Machi, kama kwao Bonde la Ufa, bila kujua kwamba Machi hapa ndipo joto linapokunja mikono ya shati. Sukuma iliiva ikiwa bado kwenye shina. Niliwaambia wapande Oktoba. "Auntie, umejuaje?" wakaniuliza. Nilikuwa nimejaa kiburi hadi shingoni.

Kiburi hicho kilikuwa na uchungu wake, maana huko nyumbani mambo yalikuwa mabaya. Baba alikwisha kufariki, na vuli iliwakimbia watu wa kwetu misimu mitatu mfululizo. Magoti ya Mama yalikuwa yakimuuma. Mutua, ambaye sasa anaishi kwenye nyumba ya ghorofa huko Kitengela, alitaka kumhamisha Mama akae naye, na shamba liuzwe kwa mtu wa kuchoma matofali. Mimi mtu wa Nairobi nilikuwa nikimuunga mkono kila mara. Ilikuwa hoja ya akili. Mama peke yake ndiye aliyeikataa.

"Nikija kwako Mutua," alisema kwenye simu tuliyopigiana sote watatu, "nitapanda nini? Ngazi?"

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka bila ruhusa yangu. "Mwache apande," nikasema.

"Wewe!" Mutua akashangaa. "Wewe uliyesahau hata jina la ng'ombe wetu!"

"Mwache apande vuli hii."

Tukakubaliana hivi: Mama apande. Novemba ikiisha bila mvua, Mutua anakuja na pikapu, anambeba Mama na sufuria zake, na shamba linakwenda kwa mtu wa matofali. Mama alikubali kabla hatujamaliza kusema. Kesho yake alikuwa kwenye vumbi, nyuma ya ng'ombe wa kuazima, na wanawake wa mwethya nyuma yake.

Oktoba ikapita. Novemba ikaingia bila wingu. Ijumaa moja nilisimama mbele ya ushirika na kuomba tuombee mvua nyumbani kwetu Makueni, nikataja na kijiji. Muuguzi mmoja kijana akatoa simu yake. "Auntie, hapa inasema hakuna mvua wiki nzima."

"Hiyo simu yako," nikamuuliza, "imewahi kupanda?"

Wiki hiyohiyo Qatar ikatangaza sala ya kuomba mvua. Mwanaisha, dada wa kutoka Kwale, pwani, ambaye hutandika vitanda hotelini na tunaishi naye nyumba moja Al Wukair, aliamka kwenda msikitini. Nikamshika mkono mlangoni. "Niombee na kwetu."

Alirudi jua limepanda, viatu mkononi. "Nimekuombea, dada. Ila jina la kijiji chenu lilinishinda, nikasema tu, Ya Rabi, na kule kwa kina Ndunge."

"Na kina Ndunge kama mimi wako wengi Ukambani."

"Basi wote wapate. Unataka mvua ya peke yako?"

Nilicheka, kisha nikakaa jikoni na chai ikapoa. Siku zile tulikuwa na kijiji kizima cha kungoja nacho. Sasa nangoja nikiwa katika nchi nyingine, nyumba ina kiyoyozi, maji yanatoka ukutani, na hakuna mtu wa kupeleka bakuli kwake. Tulikuwa na kidogo na tulikichanganya. Leo kila mmoja ana chake, kimefungwa, na tunaitana auntie kwa sababu ya heshima tu.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba Mutua aliondoka Kitengela alfajiri na pikapu. Mchana simu yangu ikaita.

"Ndunge," alisema akihema. "Sitarudi leo."

"Kuna nini? Mama mzima?"

"Gari limekwama."

"Wapi?"

Nyuma yake nilisikia wanawake wakiimba na mtu akicheka kwa kukohoa. "Shambani. Nilitaka kukata njia nifike mlangoni. Magurudumu yamezama. Mvua imeanza nikiwa pale mji wa Salama, nikadhani itaacha. Haijaacha."

"Si waambie wakusukume."

"Wamekataa! Wanasema nimekanyaga mistari. Mama Kioko anasema nivue viatu kwanza ndipo tuongee."

Simu ikanyang'anywa. "Ndunge!" Mama alipiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya korongo. "Sina nafasi ya simu. Kuna mahali ndege walifukua, tunapanda upya kabla maji hayajakauka, na leo nina mkono wa Mutua. Haya!"

Akakata.