Uzi wa Tatu

Mwanangu, sina mvi za kutosha kutoa nasaha, na wewe hujajua hata kusoma. Lakini jana uliniona nikilegeza uzi mmoja wa gitaa, ukauliza kwa nini. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, siku moja ambayo bado naikumbuka.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, nina swali kwa kila kitu. Jirani yetu hapa Gisenyi, Mzee Anastazi, alikuwa mwalimu mstaafu aliyerudi kutoka Tanzania na magitaa mawili: lake na la marehemu mkewe. Wawili hao walizoea kupiga kwa gitaa nyimbo nyepesi za luti, chombo cha nyuzi cha Ulaya ya zamani sana. Mkewe alishika sehemu ya chini, ile fupi inayorudiwa tangu mwanzo hadi mwisho, naye Mzee akipiga sehemu ya juu. Tangu afiwe alikuwa akiipiga hiyo ya juu peke yake. Alinipa gitaa la mkewe na kuniomba jambo moja: ausikie wimbo wao mzima mara moja tena, kabla mwanawe hajaja kumhamishia Mwanza.

"Kwanza legeza uzi wa tatu, nusu toni," alisema. "Ndivyo nyuzi za luti zilivyopangwa."

"Nusu toni nani ataisikia, Mzee?"

"Mkono wako."

Sikulegeza. Nilikuwa nimeona kwenye simu watu wakiupiga wimbo uleule bila kulegeza chochote, nikaamua ni mazoea yake tu. Nikajitungia mpangilio wangu wa vidole. Tatizo ni kwamba vidole vilitanuka mno, na ili niufikie mlio uliofuata ilinibidi niuachie uzi wa besi kabla ya wakati wake. Besi ikawa inakatika.

Mama Zawadi, aliyepita hapo kila asubuhi na viazi vya Bugeshi akielekea Grande Barrière, kwenye mpaka wa Goma, alisimama mlangoni.

"We mutu ya université," akasema, "hiyo wimbo yako iko na kwikwi. Uipatie mayi."

Tulicheka sote, hata Mzee. Uzi nikauacha ulivyo.

Wiki tatu tulianza wimbo ule bila kuumaliza. Kila besi yangu ilipokatika, naye aliacha kupiga, maana sehemu yake iliegemea yangu. "Tuanze tena," alisema, na mimi nikaanza hoja. Kwa nini turudie kitu kilekile? Kwa nini tuwafuate watu waliokufa zamani, ambao hata hawakujua kama tupo? Alisikiliza yote, gitaa likiwa mapajani. Mwishowe akasema, bila hasira, "Binti yangu, maswali yako ni mazuri. Ila unayauliza ili usijaribu."

Niliudhika. Nikakaa nyumbani siku nne, nikingoja aje kunibembeleza. Siku ya tano nilikuta mlango wake umefungwa. Mama Zawadi alikuwa amekaa kwenye ngazi, gitaa la marehemu liko mikononi mwake.

"Mutoto yake alikuya mbele ya siku," akasema. "Muzee alikungoya mpaka voiture ya kumubeba ikawaka. Bon, alisema usiguse kitu, upige tu."

Uzi wa tatu ulikuwa umeshalegezwa.

Nilikaa palepale nikapiga. Vidole vilikaa bila kutanuka, na besi ikaendelea kuimba chini ya kila mlio, haikukatika hata mara moja. Nilifika mwisho. Juu ya sehemu yangu hapakuwa na kitu.

Siku hizi masikio ya Mzee hayasikii simu, na mwanawe aliniambia vidole vyake havikunjiki tena. Mimi bado naipiga sehemu ya chini. Pale alipopaswa kuingia napunguza sauti kidogo, kama mtu anayesogea kwenye benchi.

Basi mwanangu, uliza. Nihoji hata mimi, hata haya niliyoyaandika. Lakini swali ambalo mkono unaweza kulijibu, upe mkono nafasi kwanza, na ufanye hivyo wakati aliyekuomba bado amekaa mbele yako. Sijui ni nani anayezisikia baraka, ila nakuombea: uwe na vidole visivyo na haraka, na mtu wa kukaa nawe mpaka wimbo wenu uishe.