Marahaba ya Kasuku

Bi Mashavu wa Bweni alikuwa mtu wa kinyaa. Kikombe alichonywea mgeni alikisugua kwa majivu mara tatu. Lakini kasuku wake alimnyea begani kila siku, akadonoa wali kwenye sahani yake, naye akala huku amekunja uso.

Alitaka kumfundisha shikamoo, walau apate wa kumwamkia asubuhi. "Shikamoo," alimwambia, kisha akajijibu mwenyewe, "Marahaba." Ndege, mwanahizaya, akashika la pili tu. Ikawa bibi mzima wa miaka sabini ndiye anayemwamkia kasuku!

Juzi Fauzia, binti wa kaka yake, alikuja kumchukua wakaishi wote Kilindoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba!" kasuku akadakia.

Fauzia akaziba pua. "Lidude hili lichafu libaki hukuhuku. Nyumba yangu ina vigae."

Bi Mashavu akafuta kinyesi begani, akasonya.

"Mchafu, najua. Ananitia kichefuchefu. Lakini mwezi ule niliokaa kwako, mliamka mkainamia simu zenu, nikapita kama paka. Huyu nikimwamkia anaitika. Nenda, mwanangu, vigae vyako visije vikaingia vumbi."