Picha Moja Inatosha

Mama yangu alichezea timu ya taifa ya netiboli kabla sijazaliwa. Sasa analima mpunga Kilosa, magoti yamekwisha, na havuki ua wake bila baibui. Mimi nimeolewa Mikumi. Kwa wakwe zangu alikuwa mkulima tu, na wifi yangu hakuchoka kunichokoza. "Timu ya taifa gani? Si mlikuwa mnarushiana machungwa huko?"

Siku moja nikamkuta mama kwenye kamusi elezo ya mtandaoni. Mtu nisiyemjua alikuwa ameandika wasifu wake, mistari mitano, yote kweli, bila picha hata moja. Nililia. Nilipomaliza kulia nikasema, sasa wifi ataona.

Albamu ya mama nilishaipiga picha kwa simu siku nyingi. Nikaweka picha nane. Mama ameinua kombe. Mama na timu nzima wamejipanga. Mama shambani. Mama siku ya harusi yangu, mama amempakata mwanangu, mama hivi, mama vile. Na ile ya mechi: ameruka, mpira uko vidoleni, sketi imepanda, mapaja yote nje. Hiyo niliitia huku chini, kati ya nyingine, hata sikuiwazia. Mtandao ukauliza picha ni za nani. Nikabonyeza "kazi yangu mwenyewe" kwa zote nane.

Kamusi ile ina ukurasa wa majadiliano, wanakobishana wanaoandika. Kesho yake mhariri mmoja aliniandikia huko.

"Dada, huu ni wasifu au albamu ya familia? Makala ni mistari mitano. Picha moja inatosha, ile inayoonyesha kilichomfanya ajulikane."

"Mama yako wewe ana picha ngapi humo?" nikamjibu.

"Mama yangu hajulikani. Anauza maandazi."

Hapo nikamtukana. Nikafuta tusi, nikarudi na bei nyingine kama niko sokoni. Weka sita. Basi nne. Mbili je? Yeye ni moja tu, moja tu, na adabu yake ilinichoma kuliko kama angenitukana. Siku zikapita tunavutana kuhusu ngapi. Ipi, hatukuongelea kabisa.

Aliyoiacha ni ya sketi. Ni kweli, ndiyo peke yake iliyomwonyesha akicheza. Ikapanda juu, kubwa, pembeni ya jina lake. Zikiwa nane alikuwa amejisitiri humo ndani. Moja ilimvua.

Niliiona, siwezi kusema sikuiona. Lakini nilikuwa nimechoka, mtoto analia, na ubishi ulikuwa umenipanda kichwani. Nikasema angalau ameonekana. Nikamtumia wifi ukurasa wenyewe na maneno mawili: "Machungwa hayo."

Naye akaurusha kwenye kundi la ukoo. "Jamani, mkwe wetu alikuwa na miguu! Kaka, ulimuoa binti au ulivutwa na mama mtu?" Wakacheka, mashangazi kwa wajomba. Mume wangu yumo humo. Alilaza simu kifudifudi mezani, akatoka kwenda kutengeneza pikipiki ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Nilimpigia wifi, nikamfokea.

"Mbona mkali? Si utani wetu?"

"Utani ni mimi na wewe. Yule ni mkwe!"

"Kwani mimi ndiye niliyemweka mtandaoni?"

Nilikata simu. Nilitamani kumzaba kofi, na kofi lenyewe lilikuwa langu.

Nilipofika Kilosa mama alishaambiwa. "Shikamoo mama." "Marahaba." Kwa kawaida humpokea mjukuu kabla hata sijaketi. Siku hiyo aliniacha naye mgongoni.

"Mkwe wangu ameiona?"

"Ameiona."

Mume wangu hajawahi kuona hata nywele za mama. Akiongea naye huinamisha macho, na mama hujitanda upya hata kama amejitanda tayari. Ndivyo wanavyopendana wale wawili.

"Sketi ile niliivaa mbele ya uwanja mzima," mama akasema. "Sikuona haya, nilikuwa kazini. Mkwe si uwanja, mwanangu."

"Nilipigana, mama. Mimi nilitaka ziwe nane."

"Hata zingekuwa mia. Mimi nilikuwa hapa, na simu ninayo. Umebishana juu yangu na mtu usiyemjua, mimi hukuniuliza."

Nilirudi kwenye majadiliano, nikaandika mbele ya kila mtu kwamba nilidanganya, picha haikuwa kazi yangu.

"Nilishangaa," mhariri akajibu. "Ina maana uliipiga kabla hujazaliwa?" Chini yake akaongeza: "Pole dada. Naiondoa."

Ikaondoka. Wasifu umebaki na mistari yake mitano. Wifi naye alifuta ujumbe wake kwenye kundi, ila waliokwisha kuihifadhi picha wamehifadhi, na sijui ni wangapi.

Wiki iliyofuata mume wangu alikwenda nami Kilosa kumtaka radhi mama, kilo za sukari mkononi, kana kwamba kosa ni lake. Zamani angewekewa kigoda barazani, mama angekaa upande wa pili, wakaongea mvua na mpunga mpaka chai ipoe. Safari hii alisimama nje ya mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?" Sauti ilitoka ndani. Pazia halikutikisika.

"Hatujambo, mama. Nimekuja kukuona."

Akasikia neno lenyewe lilipokuwa limekwisha kutoka. Kigoda hakikutolewa. Mume wangu alinitazama mimi. Nikampokea mfuko wa sukari, nikaingia nao peke yangu.