Dirisha la Kusini

Nilianza kukaa peke yangu Makambako, katika chumba kilichokuwa nyuma ya studio ya baba mdogo. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yaliyokaa matupu muda mrefu yalikuwa yamejaa redio, vitenge na sabuni za kila rangi, na wageni walishuka stendi kila siku kutafuta maisha. Kila mgeni alitaka picha ya kupeleka kwao. Baba mdogo alikuwa amenitoa Morogoro nilipomaliza shule ya msingi, akanifundisha kupiga picha na kuzisafisha. Macho yake yalipoanza kufifia, kamera ikabaki mikononi mwangu.

Kazi ile ilinifundisha kupunguza. Ukitazama kupitia kamera unajua mara moja kwamba kitu kimoja kisicho na kazi kinaharibu picha nzima: ndoo iliyosahauliwa pembeni, waya unaotokeza juu ya kichwa cha bibi harusi. Nikaanza kuishi hivyohivyo. Chumbani kwangu kulikuwa na kitanda, meza na kiti, na kuta nilizipaka chokaa mwenyewe. Sikutundika kalenda wala picha. Watu hudhani nyumba ya mpiga picha lazima ijae picha. Mimi nyuso za watu nilishinda nazo kutwa nzima, zikijitokeza polepole ndani ya sinia za dawa. Nikiingia chumbani nilitaka ukuta ulionyamaza.

Mume wangu aliingia pale kama mteja. Alikuwa Mkinga wa Matamba, anauza viazi na mbao, na alitaka picha ndogo za leseni ya biashara. Nilipokuwa nazikata, akachungulia kwenye mlango wa ndani uliokuwa wazi.

"Samahani, dada. Kuna mtu anahama?"

"Hapana. Ndipo ninapokaa."

"Na vitu vyako viko wapi?"

"Ndivyo hivyo unavyoviona."

Akatazama tena, safari hii kwa muda. "Pamekaa vizuri," akasema. "Mtu anaweza kupumua humo."

Alirudi baada ya wiki kupiga picha nyingine ambazo hakuwa na haja nazo.

Tulipooana tulipata kiwanja Yakobi, pembeni ya mji wa Njombe, mahali ambapo mashamba ya mahindi yalikuwa bado yameingiliana na nyumba. Mume wangu aliniambia, "Biashara naijua mimi. Nyumba ichore wewe." Sijawahi kupewa neno tamu kuliko hilo. Nilikwenda kile kiwanja asubuhi, nikaenda mchana, nikaenda jioni, nikarudi majira yalipobadilika, nikitazama tu mwanga unavyoangukia pale. Mwisho nikajua ninachotaka. Sebule iwe na dirisha moja kubwa upande wa kusini, upande wa barabara. Katika miezi ya baridi jua halipigi upande huo. Mwanga unaoingia ni mpole, hauchongi vivuli vikali, na uso wa mtu unaonekana ulivyo.

Fundi alikuwa mzee wa Kibena, mtu wa maneno machache. Nilipomwonyesha mahali pa dirisha aliweka mwiko chini.

"Binti, huku kwetu watu wanalifuata jua. Wewe unalikimbia?"

"Nataka mwanga, mzee. Jua silitaki."

"Mwezi wa saba utanikumbuka." Akamgeukia mume wangu. "Na wewe, kijana wangu, unasemaje?"

Mume wangu akacheka. "Mimi nimezaliwa Matamba, mzee. Baridi ya Njombe itanifanya nini? Jenga anavyotaka."

Mzee akajenga, na akajenga vizuri.

Mwaka wa kwanza katika nyumba ile ndio nilioishi nilivyokusudia. Siku za kazi nilikuwa Makambako, mwisho wa wiki napanda gari kurudi Yakobi. Nilikuwa nimepanga viti viwili tu karibu na dirisha, na meza ndogo ya mbao ya paini katikati. Ukungu ukishuka nje, chumba kizima kilijaa weupe uleule, na mume wangu akikaa pale na kikombe cha chai nilimwona mpaka kovu dogo lililokuwa chini ya jicho. Yeye alipenda vitu. Kila safari ya Dar es Salaam alirudi na kitu: kabati la vioo, maua ya plastiki, saa ya ukutani yenye kengele. Vyote nilivipeleka chumba cha kulala.

"Sasa wageni watajuaje kama nina mali?" akauliza siku moja, amebeba yale maua.

"Wataona una mke."

"Hilo walishaona," akasema, akayapeleka mwenyewe chumbani.

Mambo yalianza kuharibika upande wa kazi. Mfanyabiashara mmoja alileta Makambako mashine ya kusafisha picha za rangi, na mtu aliyeacha mkanda asubuhi alichukua picha zake kabla ya gari lake kuondoka. Nani angekuja tena kwetu kusubiri picha nyeusi na nyeupe? Baba mdogo alijaribu kushusha bei, kisha akafunga studio akarudi Morogoro. Mimi nikahamishia vifaa Yakobi, nikaifanya stoo kuwa chumba cha giza kwa kuziba mwanga wote kwa kitambaa cheusi kizito.

Wateja waliokuja huko walikuwa wa namna moja. Walileta picha ndogo ya kitambulisho wakaomba niikuze, ikatangulie mbele ya jeneza. Miaka ile watu walikufa sana, vijana hasa, na ugonjwa haukutajwa jina. Baadhi ya nyuso nilizokuza nilikuwa nimezipiga mimi mwenyewe Makambako, wenyewe wamevaa mashati mapya, wananiuliza kama kola imekaa sawa. Nilifanya kazi ile kwa sababu hapakuwa na nyingine.

Kisha mume wangu akaanza kukohoa. Hospitali walisema ni kifua, wakampa dawa. Alipata nafuu, akaanguka tena, akapata nafuu iliyokuwa ndogo kuliko ya kwanza. Biashara ikasimama. Mama yake akaja kutoka Matamba kunisaidia kumuuguza, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, Kiswahili chake cha kujikokota. Aliingia sebuleni, akasimama katikati, akajifunga shuka lake vizuri zaidi.

"Mwanangu," akaniambia, "nyumba yako ina baridi kama kanisa."

Kitanda tulikuwa tumekihamishia sebuleni ili mgonjwa awe karibu nasi. Nilikiweka pale kwenye mwanga, nikidhani nampa mahali pazuri kuliko pote nilipokuwa napo. Siku chache baadaye akaniita.

"Funika dirisha."

"Daktari alisema upate hewa."

"Hewa ipite mlangoni. Watu wanapita barabarani wananitazama. Jana yule mwenye duka alisimama kabisa."

"Labda alikuwa anakusalimia."

"Hakunisalimia. Alikuwa ananihesabia siku."

Nilikwenda chumba cha giza nikakibandua kile kitambaa cheusi, nikakipigilia misumari juu ya dirisha. Mama mkwe alinishikia kiti nilichosimamia. Chumba kikawa cheusi saa nne asubuhi. Mama mkwe akatafuta debe, akalitoboa, akawasha moto wa kuni za miti ya miwati pembeni ya kitanda. Haikuchukua muda kuta zangu zikawa na masizi, dari ikawa kahawia, na harufu ya moshi ikaingia kwenye kila nguo. Nilitegemea kuumia. Sikuumia. Nilikuwa nimefurahi kwamba mgonjwa ameacha kutetemeka.

Kilichoniuma kilikuja baadaye. Nyumba ile niliichora ili niwaone watu wangu, na miezi ile ya mwisho mume wangu sikumwona. Nilimjua kwa kikohozi, kwa uzito wa mkono wake uliozidi kupungua nilipomgeuza, kwa sauti ya mama yake akimbembeleza kwa Kikinga kama mtoto. Siku moja upepo uling'oa pembe ya kitambaa, mwanga ukamwangukia usoni. Nilisimama. Alikuwa amezeeka. Mifupa yote ilikuwa nje, kovu lilikuwa limepotea kwenye mikunjo, lakini macho yalikuwa yake. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kamera iliyokuwa inaning'inia nyuma ya mlango. Hakuniambia mimi. Alimgeukia mama yake.

"Mama, mwambie aiweke."

Nikairudisha kamera nyuma ya mlango. Nikapanda kiti nikapigilia upya ile pembe.

Alifariki ukungu ukiwa bado haujaondoka kwenye mashamba. Tulimpeleka Matamba, tukamzika kwao, kwenye udongo mweusi ambao yeye alizoea kusema unaweza kuotesha viazi hata mtu akipitiliza kulala. Matanga yalipoisha, shemeji, yaani kaka yake mkubwa, aliniita mbele ya ndugu.

"Shemeji, tumekaa tumezungumza. Ile nyumba ya Yakobi ni ya ukoo. Mngekuwa na mtoto tungesema ni ya mtoto. Mtoto hamkupata."

"Nyumba ile niliichora mimi, shemeji. Na hela ya studio iliingia humo."

"Kuchora ni kuchora. Kiwanja kiliandikwa jina la nani?"

Sote tulijua ni jina la mume wangu. Akaongeza, sauti yake ikiwa ya upole kabisa, "Na afya yako wewe mwenyewe hatuijui. Hatuwezi kukupa nyumba leo, halafu baada ya muda mfupi tuje tuizungumzie tena."

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine. Alisema kwa Kikinga kwamba nilikaa na mwanawe mpaka mwisho. Wanaume wakaendelea na habari ya ng'ombe waliochinjwa msibani.

Njombe watu walinishauri niende mahakamani. Nilikwenda. Nikaambiwa nirudi na karatasi fulani, nikarudi nazo, nikaambiwa upande wa pili hawakufika, nirudi tena. Nyumba walikuwa wameshaifunga, nami nilikuwa nalala kwa jirani wakati huo, na jirani alianza kutenga kikombe changu. Ikafika asubuhi ambayo nilivaa viatu niende, nikavivua. Baadaye nikasikia ndugu wameiuza ile nyumba, na mnunuzi ameikata vyumba vya kupangisha.

Mama mkwe nilimwona mara moja baada ya hapo, stendi ya Njombe, ameleta viazi kwa mtu. Tulishikana mikono muda mrefu.

"Mwanangu, mimi sina nyumba ya kukupa," akasema.

"Najua, mama."

Alitaka kusema zaidi, Kiswahili kikamwishia, na Kikinga changu hakikutosha. Akapanda gari. Alifariki mwaka uliofuata, nikapata habari watu wakiwa wameshatawanyika.

Nilisubiri zamu yangu miaka mingi. Kila nikikohoa nilipanga nguo za kuzikiwa. Zamu haikuja, sijui kwa nini, na nilipokwenda kupima hatimaye na kuambiwa sina kitu, nilikaa kwenye benchi la hospitali, kisha nikaondoka bila kumshukuru muuguzi. Sikuwa nimejiandalia maisha mengine.

Nimerudi Makambako. Nimepanga chumba upande wa stesheni, na napiga picha za pasipoti katika duka la mtu, kwa mashine yake. Chumba changu kina vitu vingi sasa: magunia ya mwenye nyumba, baiskeli isiyo na gurudumu, masanduku ambayo sijawahi kuuliza ni ya nani. Kitanda kipo pale nilipokikuta. Juzi jirani, msichana aliyeolewa hivi karibuni, aliniita kwake. Alikuwa amesikia kwamba zamani nilijua kupanga nyumba.

"Shangazi, hebu niambie, hiki kiti nikiweke wapi?"

Nilisimama mlangoni kwake nikatazama. Nilijaribu kweli. Kilikuwa chumba chenye kuta nne na kiti.

"Popote panafaa, mwanangu," nikamwambia, nikarudi kuinjika maharage.